Mwili Wangu Si Pawabanki

Wasee, leo naanza kwa kuomba msamaha, halafu nikimaliza kuomba nitakasirika. Kwa hivyo kaa vizuri.

Mwaka jana niliweka video ya sekunde 40. Wengi wenu mnaikumbuka, kwa sababu mpaka leo hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa kama ile. Watu zaidi ya laki mbili. Nilikuwa juu ya paa la ploti yetu, nyuma yangu kamba za nguo, nimeinua mkono kama bondia ameshinda pigano, nikasema: "Kuna bangili inageuza joto la mwili wako kuwa stima. Karibuni hutahitaji chaja. Wewe ndiye chaja!"

Mistari mizuri, si ndiyo? Niliiandika kwa dakika tano. Sikuangalia hata hesabu moja. Niliona kichwa cha habari mahali, nikaona picha ya mkono uliovaa kitu kama pete ya kielektroniki, nikasema hii itaenda. Na ikaenda.

Siku tatu baadaye kijana mmoja aliniandikia. Kidato cha tatu, anatoka upande wa Lodwar. Simtaji jina, na haina haja. Alisema: "Kaka, hiyo kitu inauzwa wapi? Kwetu stima haijafika. Nataka ya kuwasha taa nisome usiku. Nimeweka mia nane, nitaongeza."

Nikamjibu: "Iko njiani ndugu yangu, tulia." Na kamoyo kekundu. Yaani niliona ni kama nimemsaidia.

Miezi miwili ikapita. Akaandika tena. Alikuwa ameipata kwenye duka fulani la mtandaoni, bangili nyeusi, tangazo limeandikwa kwamba inatumia nguvu za mwili. Elfu mbili na mia tatu. Aliuza kuku na akakopa kwa shangazi. Ameivaa wiki mbili. Haijawasha kitu. Na mwisho wa ujumbe akaandika maneno ambayo yamenikaa kooni mpaka leo:

"Labda mwili wangu hauna joto ya kutosha."

Soma hiyo tena. Kijana ameibiwa, na anajilaumu mwenyewe. Hakusema duka ni la wezi. Hakusema mimi ni mwongo. Alisema shida ni mwili wake.

Sasa ndiyo mjue kwa nini nimekasirika. Nimejikasirikia kwanza, halafu nimewakasirikia wote tunaokula kwa hii hadithi ya "mwili wako ni betri": sisi wa video, wale wa vichwa vya habari, na wale wanaouza plastiki yenye maneno makubwa. Nimekaa nikasoma, nikanunua vifaa, nikapima. Nitawaambia nilichopata, kwa hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo kwenye simu anaweza kuirudia.

Kwanza, tusidanganyane upande wa pili. Hii teknolojia si uchawi na si ya uongo. Mwaka wa 1821 mwanasayansi mmoja, Thomas Johann Seebeck, aliunganisha metali mbili tofauti kuwa duara, akapasha joto upande mmoja wa maungio, upande mwingine ukabaki baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Mwenyewe alifikiri ni sumaku tu, lakini kilichokuwa kinapita pale ni umeme. Miaka 200 na zaidi imepita tangu hapo. Siku hizi hatutumii waya wa kawaida, tunatumia vipande vidogo vya semikondakta, hasa bismathi teluraidi, vinapangwa makumi kwa makumi katikati ya vigae viwili vyembamba vyeupe. Upande mmoja joto, upande mwingine baridi, na umeme unatoka. Hakuna kitu kinazunguka, hakuna kelele, hakuna moshi. Ni kitu kizuri sana, mimi mwenyewe nakipenda.

Lakini shika hili neno, kwa sababu uongo wote umejificha hapo: TOFAUTI. Kinachotoa umeme ni tofauti ya joto kati ya pande mbili. Joto peke yake halitoshi.

Fikiria tangi la maji juu ya paa la ploti. Maji yanashuka kwenye bomba lako la chini kwa sababu tangi liko juu na wewe uko chini. Sasa chukua hilo tangi uliweke chini, sawa na bomba. Limejaa pomoni, lita elfu tano, na ukifungua bomba hakuna kitu. Maji yapo. Mteremko ndio haupo. Joto ni hivyo hivyo. Haijalishi mwili wako una joto kiasi gani. Swali ni: hewa iliyo nje ya mwili wako ina baridi kiasi gani?

Ngozi ya mkono iko karibu nyuzi 33 au 34. Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi, hewa inaweza kuwa nyuzi 12. Hapo kuna mteremko. Twende Lodwar sasa. Mchana kule joto hufika nyuzi 35 na kupita. Hewa na ngozi vimekuwa sawa. Tangi limewekwa chini. Hata ukivaa bangili bora kuliko zote duniani, iliyotengenezwa na maprofesa wa kweli, hapo haina kazi. Usiku hewa inapoa kidogo, unapata mteremko mdogo, na tutaona sasa hivi huo mteremko mdogo unakupa nini.

Umeona hiyo? Kijana aliambiwa mwili wake ni chaja, akadhani yeye si moto vya kutosha, na kumbe shida ni kwamba kwao kuna joto jingi. Hiki kifaa kinapenda baridi. Sehemu zile zile za nchi ambazo stima haijafika vizuri, Turkana, Mandera, Garissa, ndizo sehemu kinafanya vibaya zaidi. Na hakuna video hata moja, pamoja na yangu, iliyosema hivyo.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nilishuka Luthuli, nikauliza kwenye vibanda vitatu, nikapata kigae kinachoitwa TEC1-12706. Watu wa elektroniki wanakijua, ni kile cha kupoza vifriji vidogo vya gari. Sentimita 4 kwa 4, ndani kina jozi 127 za semikondakta. Kimetengenezwa kwa ajili ya kupoza, lakini ukikigeuzia kazi, ukipasha upande mmoja, kinatoa umeme. Nikanunua pia testa na kipande cha alumini chenye mapezi cha kupozea. Fundi akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia nataka kuchaji simu na mkono. Akacheka mpaka akashika kaunta. Akasema, "Kijana, ukifaulu rudi hapa tufunge hili duka tukuuze wewe."

Nikafunga kigae kwenye mkono kwa bandeji. Ilikuwa asubuhi ya baridi, madirisha wazi. Testa ikaruka: milivolti 60. Nikapiga kelele, jirani akagonga ukuta. Lakini subiri. Dakika moja, 45. Dakika tatu, 20 na kitu. Kwa nini? Kwa sababu joto la mkono linapita ndani ya kigae mpaka upande wa nje nao unakuwa na joto. Pande mbili zinafanana. Mteremko unakufa. Nikabandika ile alumini yenye mapezi kwa nje, ikapanda mpaka 40 ikatulia. Sasa mkono wangu unafanana na mtu aliyebeba redieta ya probox, lakini sawa, ni sayansi.

Milivolti 40 ni nini? Taa ndogo nyekundu ya LED inataka karibu volti 2 ndiyo iwake. Nyeupe inataka karibu 3. Mimi niko na 0.04. Kuna chipu za kupandisha volti, kuna moja inaitwa LTC3108 inaweza kuanza kazi kwenye milivolti 20. Lakini chipu inapandisha volti tu. Nguvu haiongezi. Na nguvu ndiyo tunatafuta. Kigae changu kina ukinzani wa ndani wa karibu omu 2. Ukipiga hesabu, nguvu kubwa zaidi ninayoweza kutoa pale ni miliwati 0.2. Yaani sehemu mbili za elfu kumi za wati moja.

Sasa leta simu. Betri ya milliampia-saa 5,000, ile iko kwenye simu nyingi za kawaida siku hizi, inabeba karibu wati-saa 19. Gawanya 19 kwa 0.0002. Fanya na wewe, toa simu. Umepata? Saa 95,000. Gawanya kwa 24. Karibu siku 3,960.

Miaka 10 na miezi kumi. Ili kujaza simu mara moja. Ukiwa umekaa kwenye baridi, hujavua alumini hata kulala, na simu imezimwa.

Mtu atasema, "Hicho kigae chako ni cha bei rahisi, na si cha kazi hiyo." Kweli. Nakuongezea mara tano, nakupa miliwati nzima. Bado ni zaidi ya miaka 2 kwa chaji moja. Nani ako na miaka 2?

Na mwingine atasema kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nasema: "Teknolojia inakua, buda. Hata simu zilikuwa kama matofali." Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu hii ndiyo hoja inayowashika watu wenye akili.

Simu ziliweza kuwa ndogo kwa sababu hakuna sheria ya asili iliyosema simu lazima iwe kubwa. Kwa mashine za joto sheria ipo. Mfaransa mmoja, Sadi Carnot, aliandika msingi wake mwaka wa 1824. Mashine yoyote inayogeuza joto kuwa kazi au umeme, iwe ya leo, iwe ya mwaka wa 3000, ina kikomo, na kikomo kinategemea tofauti ya joto. Ngozi nyuzi 34, hewa nyuzi 28. Tofauti ni 6. Unagawanya 6 kwa joto la ngozi ukihesabu kutoka sifuri halisi, ambayo ni 307. Unapata karibu asilimia 2. Hiyo ndiyo dari, na hata mashine kamilifu haitaivuka. Vigae vya kweli vinapata sehemu ndogo tu ya hiyo, chini ya asilimia moja.

Mwili wa mtu mzima aliyetulia unatoa joto la karibu wati 100. Sasa fanya ukarimu wa ajabu. Jivike nguo nzima ya hivi vifaa, kutoka shingoni mpaka kidole cha mguu, usikose hata kwapa. Sema ni kamilifu kuliko mashine yoyote iliyowahi kutengenezwa. Asilimia 2 ya wati 100 ni wati 2. Chaja ya zamani kabisa, ile ya pole pole unayomwachia mgeni, ni wati 5.

Yaani hata Mungu akishuka awe injinia wa hiyo nguo, chaja mbovu ya mgeni inakushinda. Hakuna uvivu wa watafiti hapo, ni hesabu ya kugawanya tu.

Sasa tuje kwa wale wa vichwa vya habari. Mwaka wa 2021 timu ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, ikiongozwa na Jianliang Xiao, ilichapisha kazi kuhusu kifaa laini cha kuvaa, kinachonyooka, unaweza kukivaa kama pete, kikikatika kinajiunga tena, na kinaweza kuyeyushwa vipande vyake vitumike upya. Kazi safi. Naiheshimu. Wakasema kinaweza kutoa karibu volti 1 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Dunia ikaruka. Volti 1! Simu inachaji kwa volti 5! Basi sentimita 5 na tumemaliza!

Hapana. Volti ni urefu wa mahali tangi limewekwa. Haikuambii kuna maji kiasi gani. Tangi linaweza kuwa ghorofa ya ishirini na ndani kuna kijiko kimoja cha maji. Umewahi kuvua sweta ya nailoni gizani ukaona cheche? Hizo ni volti maelfu. Umewahi kuchaji simu na sweta?

Watafiti hawakudanganya. Walisema volti, na walisema wazi kwamba hata volti hizo kwa eneo ni ndogo kuliko za betri nyingi za kawaida. Aliyedanganya ni yule aliyechukua namba moja akaacha nyingine. Yaani mimi. Nilichukua "volti 1" nikaiweka kwenye herufi za manjano juu ya kichwa changu, kwa sababu "maikrowati" haifanyi mtu aache kusogeza kidole.

Na historia inatuonyesha mambo ni yale yale. Mwaka wa 1998 Seiko walitoa saa ya mkononi inaitwa Thermic, inatembea kwa joto la mkono. Ilifanya kazi kweli. Kwa nini? Kwa sababu saa ya mshale inakula umeme kidogo sana, maikrowati tu. Mwaka wa 2016 kampuni ya California, Matrix Industries, ikaleta PowerWatch, saa ya kisasa isiyochajiwa. Toleo la pili, la 2019, likaongeza nini? Sola. Wenyewe wenye saa, waliojua hesabu kuliko wote, waliona joto la mkono halitoshi kwa mambo waliyotaka kuongeza, wakaenda kuomba jua msaada. Ukijua hiyo moja tu, umejua hadithi yote.

Kuna msichana wa Kanada, Ann Makosinski. Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 15, alishinda katika umri wake kwenye Google Science Fair kwa tochi isiyo na betri, inawashwa na joto la kiganja. Alipata wazo kwa sababu ya rafiki yake huko Ufilipino aliyefeli shule kwa kukosa taa ya kusomea. Hiyo hadithi inaniuma, kwa sababu ni ya kijana wangu wa Lodwar neno kwa neno. Na yeye hakutudanganya, alitengeneza tochi ndogo, mwanga wa LED kidogo, akaeleza inavyofanya kazi. Lakini fikiria tena mteremko. Tochi iliyozaliwa kwa ajili ya rafiki wa Ufilipino inawaka vizuri zaidi mikononi mwa mtu wa Kanada. Baridi ya Kanada ndiyo mafuta yake. Joto la kule kwa rafiki ndilo linaizima.

Sasa linganisha na kitu ambacho hakina hadithi tamu. Paneli ya sola ya ukubwa wa kiganja, sema sentimita 10 kwa 10. Jua la saa sita mchana likiwa wazi, inatoa karibu wati 2. Eneo hilo hilo la ngozi, kwa kifaa kizuri, linakupa miliwati chache ukiwa na bahati. Tofauti ni mamia ya mara, na mara nyingi inafika elfu. Na unajua jua liko wapi kwa wingi? Lodwar! Lile lile joto la nje linaloua bangili linakuja na lile lile jua linalolisha paneli. Kijana alikuwa amesimama chini ya jenereta ya bure, na mimi nikamwambia atafute umeme kwenye kifundo cha mkono.

Kitaa kidogo cha sola cha kusomea, kile cha mezani, nilikiona dukani kwa bei iliyo chini ya ile bangili. Niliuliza bei nikatoka nje nikasimama kidogo.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Wewe uliacha chuo, utatuambia nini kuhusu uinjinia?" Ni kweli. Niliacha mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo iligoma nikaamua kamera inalipa kuliko deni. Sijivunii na sijifichi. Lakini kugawanya 19 kwa 0.0002 hakuhitaji digrii. Kunahitaji kukaa chini dakika mbili kabla ya kubonyeza posti. Mimi sikukaa. Na nawaambia, wengi wenye digrii waliisambaza ile video yangu pia. Maoni ya "hii ndiyo Afrika ya kesho" hayakutoka kwa watu wa kidato cha tatu.

Mwingine anaandika: "Unaua ndoto za vijana." Ndoto gani? Ndoto haikufa kwa sababu nimetaja namba. Ile ya kijana ilikufa wakati ile bangili ilikataa kuwaka na hakuna mtu alimwambia kwa nini. Ukweli ungemwacha na mia nane zake na kuku wake.

Na hapa ndipo hasira yangu inapanda zaidi. Angalia hii hadithi inafanya nini kichwani mwa mtu. Stima kutofika kijijini ni jambo la nyaya, transfoma, bajeti, na watu waliochaguliwa. Ni jambo ambalo unaweza kumuuliza mtu fulani aliye ofisini. Ikishageuka kuwa "wewe ndiye chaja", imekuwa yako. Giza limekuwa kosa la mwili wako. Unaacha kumuuliza mheshimiwa nguzo ziko wapi, unaanza kujiuliza kama damu yako ina moto. Hakuna mtu alikaa mahali akapanga hivyo, sisemi kuna njama. Lakini ndivyo inavyofanya kazi, na niliiona ikifanya kazi kwa sentensi moja ya kijana mmoja.

Wakati huo huo sisi ni nchi inayojua hii sayansi ya mteremko wa joto kuliko nyingi. Karibu nusu ya umeme wa Kenya unatoka ardhini, kwa mvuke. Olkaria ilianza kuzalisha mwaka wa 1981. Mle wanatumia tabaini, si vigae vya Seebeck, lakini sheria ni ile ile ya Carnot: chini kuna joto la mamia ya nyuzi, juu kuna hewa ya kawaida. Mteremko mkubwa, umeme mwingi. Hatujashindwa kugeuza joto kuwa stima. Tunashindwa kuifikisha nyumbani kwa kila mtu kwa bei anayoiweza. Hilo ni swali tofauti na lina anwani.

Na vile vigae vyenyewe vina kazi za heshima. Voyager 1 na Voyager 2, zilizorushwa mwaka wa 1977, zinaishi kwa umeme wa Seebeck, joto lake linatoka kwa plutoniamu na nje kuna baridi ya anga. Miaka ya 1950 kule Muungano wa Kisovieti walitengeneza kifaa kinachokaa juu ya taa ya mafuta, taa inaangaza chumba na joto lake linawasha redio. Leo kuna majiko ya kuni, kama ya BioLite ambayo yameuzwa hapa kwetu, yanatoa umeme kidogo kwa joto la moto. Umeona mfano? Mahali penye moto wa kweli, kigae kinafanya kazi ya kweli. Jiko lina mamia ya nyuzi. Wewe una 34.

Hata kwenye mwili kuna nafasi yake, ndogo na ya maana. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha North Carolina State kina kituo kinaitwa ASSIST, tangu 2012 kinafanya vifaa vya afya vya kuvaa vinavyojitegemea kwa umeme. Sensa ya mapigo ya moyo inayokula maikrowati. Kibandiko cha kupima joto la mgonjwa ambacho nesi hahitaji kubadilisha betri. Fikiria mgonjwa wa moyo anayepimwa usiku na mchana bila kuchaji kitu. Hiyo ni ndoto ya kweli, na inalingana na hesabu. Kama uko shule na unapenda haya mambo, ingia hapo. Lakini ingia ukijua unatafuta maikrowati.

Kwa hivyo, kuanzia leo, ukiona video ya umeme wa mwili, iwe yangu au ya mtu yeyote, uliza maswali matatu. Moja: ni WATI ngapi? Akikujibu kwa volti, amekimbia swali. Mbili: tofauti ya joto ilikuwa nyuzi ngapi walipopima? Kama walipima kwenye chumba cha baridi, jua kwako itakuwa chini ya hapo. Tatu: kiko wapi sasa hivi, maabara au dukani? Kama kiko maabara, usitume pesa kwa mtu anayekuuzia.

Mimi nimefanya yangu. Ile video sijaifuta, kwa sababu kufuta ni kujificha. Nimebandika juu yake maandishi makubwa kwamba ni ya uongo na nimeweka hesabu. Video ya marekebisho imetazamwa na watu elfu tatu. Laki mbili, elfu tatu. Ndivyo soko letu lilivyo, na sisi wenye kamera tunalijua na tunalitumia.

Kijana nilimwandikia ujumbe mrefu. Nikamwambia mwili wake hauna kasoro, nikamwelezea tangi na mteremko, nikamwambia nimekosa, nikauliza nimtumie taa ya sola kupitia kwa nani. Alikaa siku nne. Akajibu neno moja: "Sawa."

Sijui hiyo sawa ni ya namna gani. Taa bado iko kwa meza yangu, kwenye boksi, hajanipa anwani.

Kama wewe ni mmoja wa wale laki mbili, na uliituma ile video kwa mtu, mdogo wako, binamu yako wa ushago, kikundi cha darasa, mtumie na hii. Mtumie leo, kabla hajauza kuku.